CryptPad imegoma? Usifute kache kwanza

Hii nawaandikia hasa watu wa ofisi ndogo za utalii hapa Arusha na Moshi maana ndo ninaowasaidia zaidi, ila hata kama wewe ni mweka hazina wa VICOBA pale Kiboriloni shida ni zile zile. Watu wamechoka kuona orodha ya wageni inazungushwa kwenye grupu la WhatsApp ikiwa Excel tupu, na wana haki kuchoka, orodha yenyewe ina namba za paspoti, ina dawa anazomeza mgeni, ina namba ya mke wake kule kwao ya kupiga akizidiwa mlimani. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, kwa hiyo kuzagaza vitu kama hivyo kunaweza kukuletea kesi. Basi wanahamia CryptPad, tovuti ya kuandika dokyumenti na majedwali pamoja ambayo hata mwenye seva hawezi kuyasoma, wanafungua akaunti bila hata kuombwa barua pepe, mambo yanaenda, halafu siku moja faili haifunguki na kila mtu ofisini anageuka fundi: futa kache (vile vitu brauza ilivyojihifadhia), toa brauza uiweke upya, bonyeza umesahau pasiwedi.

Hizo dawa tumezizoea kwenye vitu vya Google na kule zinafanya kazi kwa sababu Google anayo kopi ya faili na anaweza kuisoma, ukipotea anakurudisha. Huku dawa hizo hizo zinaweza zikawa ndo zimeimaliza faili yako.

Iko hivi. CryptPad inatengenezwa na XWiki, kampuni ya Ufaransa, na seva yake inapokea maandishi yako yakiwa yameshafungwa na brauza yako kabla hayajaondoka kwenye simu. Ni kama yule jamaa anayetunza mizigo stendi ya Moshi, begi analo yeye lakini kufuli ni lako na ufunguo umeondoka nao mfukoni. Sasa ufunguo huo unakaa wapi? Kuna sehemu 3. Unaweza kuwa ndani ya linki yenyewe, kile kipande kinachokuja baada ya alama ya #, ambacho brauza yoyote ile haikitumi kwa seva. Unaweza kuwa ndani ya akaunti yako, ambayo nayo inafunguliwa na jina na pasiwedi. Na kama hujajisajili, unatumia tu kama mgeni, ufunguo uko kwenye kumbukumbu za brauza uliyofungulia. Faili ikigoma uliza kwanza ufunguo wake uko wapi saa hizi, habari za mtandao baadaye. Na kabla hujagusa kitu chochote, kama kuna hata kompyuta moja ambayo bado inaifungua hiyo faili, iache ilivyo, usiizime, nenda pale kaidaunlodi nakala ndo urudi kutafuta ugonjwa.

"Kwangu inafunguka vizuri, mwenzangu anaambiwa hana ruhusa"

Hii ndo naulizwa kuliko zote. Dada wa ofisini Njiro kaandaa orodha ya wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho, kaikopi linki kutoka pale juu kwenye brauza, kamtumia mwongoza wageni ambaye yuko geti la Londorosi anasubiri kuandikisha watu. Mwongoza wageni anabonyeza, anaambiwa linki hii haimpi uwezo wa kuiona dokyumenti. Meseji zinaanza: "Dada haifunguki." "Mbona kwangu imefunguka kaka, hebu rudia." "Nimerudia dada, wageni wamesimama hapa." Na wote wawili wako sahihi.

Chanzo ni kwamba ukiwa umelogini, CryptPad kwa kawaida inaficha ufunguo usionekane pale juu kwenye anwani, makusudi, ili usibaki kwenye historia ya brauza na usimwagike mtu akipiga picha ya skrini yako. Kinachoonekana pale ni linki fupi isiyo na ufunguo, kwako inafunguka kwa sababu ufunguo upo tayari ndani ya akaunti yako, kwa mtu mwingine ni namba tu. Unaitambua kwa macho: baada ya # angalia tarakimu ya kwanza, ikiwa #/3/ hiyo haina ufunguo, ikiwa #/2/ hiyo inao. Dawa yake ni kuacha kabisa kukopi pale juu. Bonyeza kitufe cha Share ndani ya dokyumenti, chagua mtu anaruhusiwa kusoma tu au kuandika, halafu kopi linki inayotoka hapo.

Ukiwa bado unaikodolea macho hiyo linki kuna vitu vingine inakuambia. Ukiona neno view katikati, mwenzako anaweza kusoma tu, kwa hiyo akilalamika kwamba kibodi haiandiki usihangaike na simu yake, mtumie yenye edit. Ikiishia na /p/ maana yake dokyumenti ina pasiwedi yake ya ziada, na hiyo pasiwedi hakikisha humtumii kwenye meseji ile ile uliyotumia linki, mpigie umtajie, la sivyo umeweka kufuli halafu ufunguo ukautundika pembeni.

"Linki haifunguki kwa mtu yeyote"

Hapa mara nyingi linki imekatika njiani. Ufunguo ni mlolongo wa herufi kubwa na ndogo na tarakimu, ikipungua herufi moja tu haifungui kitu, na hakuna cha kukaribia. Imepitia kwenye SMS ikagawanyika vipande viwili, au mtu kaikopi kwa kuburuta kidole akaishia kabla ya mwisho, au kabandika nukta mwishoni kwa sababu alikuwa anamaliza sentensi. Ilinganishe na ya mtumaji kuanzia mwisho kurudi mwanzo, mkia ndo unaokatika. Wengine wanatuma skrinshoti ya linki, yani picha, halafu mwenzake anakaa kuichapa kwa mkono pale hajui kama ile ni herufi ya O au sifuri, hapo ni kupoteza muda tu, aombe itumwe upya kama maandishi.

Na tafadhali acheni kuzipitisha hizi linki kwenye vile vifupisha linki. Naelewa, ndefu inachukiza kwenye tangazo, ila kifupisha kinahifadhi linki nzima pamoja na ufunguo wake, kwa hiyo umetoka kote huko kumficha mwenye seva halafu umeenda kumkabidhi mtu mwingine kabisa ambaye hata humjui.

"Inazunguka tu, haimalizi"

Ukiona kile kiduara kinazunguka mpaka unachoka, anza na brauza. Wengi wetu tulizoea Opera Mini kwa sababu ya kubana bando, na ile hali yake ya kubana kupita kiasi inafungulia ukurasa kwenye seva za Opera kisha inakuletea matokeo yaliyosagwa, javaskripti, yani zile programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa, inafanya kazi kidogo sana. CryptPad kazi yote ya kufunga na kufungua inafanyika kwa javaskripti ndani ya simu yako, sasa itafanyikia wapi? Na hata kama ingefunguka nisingekushauri, maana ukurasa unafunguliwa kwa mtu wa tatu ndo unakuja kwako, siri iko wapi hapo. Tumia Chrome au Firefox ya kawaida iliyosasishwa.

Halafu kuna zile brauza ndogo zilizojificha ndani ya apu nyingine, umebonyeza linki ukiwa Facebook ikafunguka humo humo ndani. Pale akaunti yako haijulikani, unaonekana mgeni. Bonyeza vile vidoti 3 uchague kuifungua kwenye brauza yako halisi.

Kama brauza ni nzima, angalia vizuia matangazo. CryptPad inagawa kazi kwenye anwani mbili kwa usalama, yani wewe unaona cryptpad.fr lakini ile sehemu unayoandikia inatoka sandbox.cryptpad.info, na kizuia matangazo kikali kinaona anwani ya pili kinadhani ni matangazo, kinakata. Ukurasa unabaki mweupe au unaganda katikati. Kizime kwa anwani zote mbili, kukizima kwa moja hakusaidii.

Inayofunguka kwa bando la simu lakini ikagoma kwa waifai ya ofisi au ya hoteli ni ugonjwa mwingine tena. CryptPad inaweka mawasiliano ya moja kwa moja na seva, websoketi, yanayobaki wazi muda wote unaandika, na baadhi ya mitandao ya maofisi inazuia hayo huku ikiruhusu kurasa za kawaida, ndo maana unaona tovuti zingine zote zinafunguka ila hii hapana. Jaribu kushea intaneti kutoka kwenye simu, ikifunguka umeshapata jibu, mwambie mtu wa mtandao aruhusu. VPN nayo inaweza kuleta kitu kama hicho, inakata na kuunga kila saa, jaribu ukiwa umeizima. Na kama VPN ni ya kazini kabisa, kumbuka TCRA walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaoitumia wawape taarifa, hilo ongea na bosi wako siyo mimi.

Kwa jedwali, yani zile sheet, kuna uzito wa kwake. Ndani yake kuna OnlyOffice nzima, programu ya majedwali kama Excel, inayobidi ishuke kwenye simu yako kwanza, na ukiingiza faili ya Excel kuibadilisha kunafanyika kwenye simu hiyo hiyo, si kwenye seva, kwa sababu seva haiwezi kuisoma. Simu yenye RAM ndogo inaganda, inakufungia brauza, unadhani faili imeharibika kumbe simu imechoka. Kazi ya kuingiza Excel fanyia kwenye laptopu, simu ziachie kusoma na kurekebisha vitu vidogo. Mara ya kwanza kufungua fungulia kwenye waifai, vingi vinabaki kwenye kache na mara ya pili ni nyepesi, sababu nyingine ya kutofuta kache ovyo. Na kama Excel yako ina makro, yani zile amri za kujiendesha zenyewe, usitegemee zitavuka.

"Nimesahau pasiwedi"

Hapa sina habari nzuri. Pasiwedi yako haiko kwenye seva yao, brauza inachukua jina na pasiwedi inavipikia humo humo funguo zote za akaunti, ndo maana ukilogini kwenye simu ya zamani inachukua sekunde kadhaa kabla haijajibu. Hakuna wa kukutumia meseji ya kuibadilisha. Kwa hiyo usipoteze siku unaandika barua pepe, tafuta mahali ambapo bado umelogini. Laptopu ya ofisini? Simu ya zamani iliyoko nyumbani kwenye droo? Brauza yenyewe inaweza kuwa ilishakuhifadhia pasiwedi, nenda kwenye mipangilio yake sehemu ya manenosiri uangalie. Ukikuta sehemu umelogini daunlodi kwanza kila kitu, tena kuna njia ya kudaunlodi drive nzima, yani lile kabati la faili zako zote, kwenye mipangilio ya akaunti, ndo ufungue akaunti mpya.

Kama hujapata popote, geukia wenzako. Yeyote mwenye linki ya kuediti bado anaifungua faili, anaweza kutengeneza nakala mpya na mkaendelea na maisha. Utakachopoteza ni umiliki, yani uwezo wa kuifuta au kubadilisha nani anaingia. Ndo maana ofisi nawaambia wafungue timu humo ndani, drive ya pamoja yenye wamiliki angalau wawili, mmoja akisahau pasiwedi au akiacha kazi akaenda kampuni ya jirani orodha hazimfuati.

Walioko kwenye Proton, huduma nyingine inayofunga faili kabla hazijafika kwenye seva, ambao tangu Julai 2024 nao wana dokyumenti za kuandika pamoja, kwao unaweza kubadilisha pasiwedi kwa njia ya kurejesha akaunti, lakini usishangilie mapema. Akaunti inafunguka, faili za zamani zinabaki zimefungwa mpaka utoe yale maneno ya kurejesha uliyopewa, au faili ya kurejesha, au uikumbuke ile pasiwedi ya zamani. Kayaandike leo kwenye karatasi uyaweke pamoja na hati ya nyumba.

"Pasiwedi naijua kabisa lakini inaikataa"

Kwanza angalia uko kwenye tovuti ipi. CryptPad mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, ziko nyingi duniani, zinafanana sura, na akaunti ya cryptpad.fr haijulikani kwenye nyingine. Mtu alitafuta Google akabonyeza ya kwanza aliyoiona, anachapa pasiwedi sahihi kwenye mlango wa nyumba isiyo yake. Pili kibodi ya simu, inapenda kuanza na herufi kubwa na kuongeza nafasi mwishoni baada ya kukukamilishia neno, kama kuna alama ya jicho ibonyeze uisome.

Kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili na zile tarakimu 6 zinakataliwa, tazama saa ya simu. Tarakimu zinapikwa kutokana na muda na zinabadilika kila sekunde 30, simu iliyochelewa dakika kadhaa inatoa namba zilizokwisha kupita. Rudisha saa iwe ya kujiseti yenyewe. Wapo watu, na si wazee peke yao, wanaseti simu kwa saa zetu kabisa, saa mbili asubuhi isomeke 2:00, hapo simu inadhani ni usiku wa manane na tarakimu zote zinakataliwa. Simu ikiwa imepotea unahitaji ule msimbo wa kurejesha uliopewa siku unaweka hatua mbili.

"Faili zangu zote zimepotea"

Ulikuwa umelogini? Jibu likiwa hapana, ulikuwa mgeni, na drive ya mgeni ni kumbukumbu za brauza tu. Umefuta data za brauza, au ulifungulia kwenye hali fiche, au fundi simu ameiflashi, au Firefox yako imesetiwa kufuta kila kitu ikifungwa, basi orodha ya funguo imeondoka. Kwenye iPhone si lazima ufute wewe, Safari yenyewe ikipita siku 7 za matumizi bila kuigusa tovuti fulani inafagia kumbukumbu zake. Maandishi bado yako kwenye seva, ila hakuna wa kuyafungua. Pita kwenye WhatsApp yako utafute neno cryptpad, kila linki uliyowahi kumtumia mtu ni ufunguo mzima, watu wamepona kwa njia hiyo. Angalia pia historia ya brauza kama haijafutwa, maana kwa mgeni linki nzima inabaki pale juu.

Fanya haraka kwa sababu kwenye cryptpad.fr dokyumenti ya mgeni isiyoguswa kwa siku 90 inafutwa. Ukiipata jisajili, bure wanakupa GB 1, uiweke ndani ya drive yako.

Na kama ulikuwa umelogini lakini ni faili moja tu haipo, soma ujumbe unaokuja: kuna iliyofutwa na mwenyewe na kuna iliyowekewa tarehe ya kuisha. Zote hizo usitegemee zitarudi, mtafute mwenye nakala.

"Ninachoandika wenzangu hawakioni"

Tazama kama imeandika umepoteza mawasiliano. Umeme umekatika, ruta imezima, laptopu inaendelea kwa chaji yake na wewe unaendelea kuandika huna habari. Usifunge ukurasa na usiurifreshi, kopi ulichoandika ukipesti kwenye notipadi, unga intaneti ya simu, subiri irudi. Kwenye sheet kuna kingine, mtu akiwa ndani ya seli anaandika wewe huwezi kuigusa, na akiiacha hivyo akaenda kunywa chai mnabaki mnaangaliana. Mpigieni abonyeze seli nyingine.

Kwa wanaopanda mlima usijidanganye kabisa na kufungulia huko juu. Kabla ya geti daunlodi PDF kwenye simu inayofungwa kwa namba ya siri, ukishuka uifute.

"Kuna mtu amefuta jedwali lote"

Pumua. Fungua historia ya dokyumenti, rudisha nyuma mpaka unapoiona nzima, irejeshe. Inahitaji uwe na linki ya kuediti. Tatizo ni pale mmiliki aliposhaikata historia ili kupunguza nafasi, hapo mnarudi mpaka alipokatia.

"Linki ya kuediti imeingia kwenye grupu lisilohusika"

Kufuta meseji haitoshi, aliyeibonyeza anayo. Ukiwa mmiliki ingia kwenye mipangilio ya nani anaingia, washa orodha ya wanaoruhusiwa, weka majina ya wenzako tu ambao umeshaungana nao humo ndani kama marafiki, na kuanzia hapo mwenye linki asiye kwenye orodha anaishia mlangoni. Maana yake kila mtu wa ofisi lazima awe na akaunti, wale wazee wa kazi wanaopenda kubonyeza tu linki watanung'unika, wafungulieni mkae nao dakika 10. Namba za paspoti zilizokwisha kuonwa zimeonwa, mgeni mwenyewe aambiwe.

Ukifikia hatua ya kuwaandikia wenye tovuti, waeleze brauza na toleo lake, simu au kompyuta, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na kama inatokea kwa mtandao mmoja au yote. Usiwabandikie linki nzima ya kuediti, ikipita kwenye barua pepe ufunguo nao umepita. Na akikupigia mtu anajiita wa CryptPad anaomba pasiwedi ili "akurudishie faili", kata simu, mwenye seva hana cha kuirudishia.